Alasiri moja Singapore: bwawa la Marina linafaa kutembelewa?

Mkazi wa Nyegezi (mwuliza)

Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao ninakwenda Singapore kwa mafunzo ya siku nne, na katika ratiba niliyotumiwa nimebakiwa na alasiri moja tu isiyo na kipindi. Mwenyeji wangu ananishauri niitumie kwenye bwawa lililo ndani ya jiji, liitwalo Marina Barrage, ambako anasema watu hupanda juu ya paa, wakarusha tiara na kula vyakula walivyofungasha nyumbani. Ujumbe wake niliusoma mara mbili. Mimi nimekulia Kwimba, ambako lambo ni la kunyweshea ng'ombe, na mtoto aliyekutwa akicheza kwenye tuta lake alirudi nyumbani akilia. Naomba kuuliza: hilo ni bwawa kweli, au ni bustani iliyopewa jina la bwawa? Na mtu ambaye akitaka upepo wa maji anatembea tu hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria, atakuta nini huko asichokiona hapa Mwanza?

Mzaliwa wa Tanga, sasa Pasiansi

Ndugu yangu, ni bwawa kweli, na maji yake ni sehemu ya maji wanayokunywa. Ukuta wake umekatiza mkondo wenye upana wa mita 350, pale ambapo maji ya mito ya jiji yalikuwa yakimwagika baharini. Ulifunguliwa mwaka 2008, wakati ghuba iliyo nyuma yake ikiwa bado na chumvi, kisha mvua ikaendelea kuyasukuma yale maji ya chumvi hadi kufikia mwishoni mwa mwaka 2010 bwawa zima likawa la maji baridi. Mvua inayoingia humo inakusanywa kutoka hekta 10,000, yaani takriban sehemu moja ya sita ya nchi yote, kwa hiyo ile mifereji utakayoipita mitaani ukiwa na begi lako, mingi inaishia huko.

Asichokiona mtu wa Mwanza ni bahari kujaa na kupwa. Mtanisamehe, watu wa ziwani, lakini ninyi maji yenu mnayaacha jioni na kuyakuta asubuhi palepale. Sisi wa pwani tunajua kwamba wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, maji yanaweza kupanda hadi yakazuia mto kutoka, na mvua kubwa ikinyesha saa hiyohiyo, mji ulioko chini unazama. Hivyo ndivyo mitaa ya chini ya Singapore, kama Chinatown, ilivyokuwa ikifurika. Ukuta ule una malango tisa ya chuma. Mvua ikizidi wakati bahari imekupwa, malango yanalazwa chini na maji yanajiendea yenyewe. Ikizidi wakati bahari imejaa, malango hayaguswi, kwa sababu ukiyafungua ni bahari itakayoingia, na hapo zinawashwa pampu saba. Kila pampu ina uwezo wa kutoa mita za ujazo 40 kwa sekunde. Lifikirie boza la maji la lita elfu kumi linalopanda mlima wa Bugando kwa kuhema: pampu moja inamwaga maboza manne kila sekunde. Lile paa la nyasi wanalorushia tiara limefunika jengo lenye hizo pampu.

Simama katikati ya daraja la juu ya malango. Upande mmoja utaona maji yaliyotulia na watu wakipiga makasia, upande wa pili mawimbi na meli zilizotia nanga. Kama bahari imekupwa, tofauti ya kimo utaiona kwa macho, bila kuelezwa na mtu.

Mama wa Igoma

Mwanangu, nenda, ila usiende saa sita mchana kama nilivyopelekwa mimi na mtu wa safari ambaye alikuwa akiwahi kutufikisha madukani. Juu ya paa hakuna mti hata mmoja. Nilivua viatu nikanyage nyasi kama nilivyoona wengine wakifanya kwenye picha, nikavivaa tena baada ya hatua tano. Nilirudi peke yangu siku iliyofuata saa kumi na moja jioni, na jua la kule linazama kama saa moja, kwa hiyo muda ulinitosha. Hakuna kiingilio. Ukishuka treni kituo cha Gardens by the Bay unatembea kidogo tu.

Nilichokaa kukitazama ni babu mmoja aliyekuwa na kibao cha uzi mkononi, mjukuu wake amelala chali kwenye nyasi, na tiara yao iko juu mno hata nilikuwa nauona uzi bila kuiona tiara yenyewe. Beba maji ya kunywa, na usifikirie kuogelea, hawaruhusu.

Mkazi wa Mabatini

Nimesoma yote haya nikiwa hatua chache kutoka mto Mirongo, ambao mvua ya juzi imeujaza chupa na mifuko. Hivi sisi tukijengewa ukuta kama huo pale Mirongo unapoingia ziwani, hatutapata na sisi pa kupumzikia?

Mzaliwa wa Tanga, sasa Pasiansi

Utapata dimbwi la taka, kaka, pamoja na magugu maji. Ukuta wa Marina kazi yake ya kwanza ni kutenga chumvi na maji baridi, na ziwa letu halina chumvi ya kutenga. Tena wenzetu hawakuanza na ukuta. Kuanzia mwaka 1977 walifanya miaka kumi ya kusafisha mito yao: wakaondoa mabanda ya nguruwe na bata, wakawahamishia wauza vyakula wa barabarani kwenye masoko yenye mifereji ya maji machafu, wakatoa matishari mtoni. Wazo la bwawa alilitoa Lee Kuan Yew, waziri mkuu wao wa wakati huo, mwaka 1987, kazi hiyo ilipokuwa imekamilika. Kwa Mirongo mimi ningeanzia huko juu, kwenye vyoo na majalala ya milimani, na hilo halihitaji pampu hata moja.

Mkazi wa Nyegezi (mwuliza)

Nawashukuru sana, na mama wa Igoma nakupa shikamoo yako. Nimetafuta majedwali ya bahari: alasiri yangu maji yatakuwa yamekupwa saa kumi na moja na nusu. Nitaanzia darajani, paa litafuata. Na kaka wa Mabatini, nitakupigia picha ya mdomo wa mfereji wowote nitakaoukuta unaingia bwawani, tuone unabeba nini.