Tunatumwa kufundisha Papua Guinea Mpya: twende na binti yetu au tumwache kwa bibi?

Mama wa Wawili (Moshi):
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mume wangu ni mchungaji, na kanisa letu limemteua kwenda kufundisha chuo cha Biblia kwa miaka mitatu katika nyanda za juu za Papua Guinea Mpya, karibu na mji wa Goroka. Barua tuliyopewa inaeleza posho, nyumba na tiketi, lakini haigusi kabisa namna siku inavyokwenda: sokoni kuna nini, watoto wanasoma wapi, na mama anafanya nini mumewe akiwa darasani. Tuna mvulana wa miaka mitano na binti wa kidato cha pili. Bibi yao anataka tumwachie binti amalize kidato cha nne, baba yake hataki kusikia habari ya kuigawa familia, nami usingizi umenipaa. Aliyewahi kuishi huko naomba anieleze.

Aliyerudi:
Amina, dada. Tulikaa huko miaka minne, mume wangu akifundisha nami nikisaidia darasa la watoto wadogo.

Hali ya hewa haitawasumbua watu wa Moshi, kwa kuwa Goroka iko kwenye mita 1,600 hivi juu ya bahari na kahawa imezunguka kila nyumba. Chakula kikuu ni viazi vitamu, ambavyo wao huviita kaukau, navyo hupangwa sokoni kwa mafungu chini kabisa, kila fungu na bei yake. Hapo nilijiaibisha wiki ya kwanza, kwani nilianza kuomba nipunguziwe kama nilivyozoea, na yule mama muuzaji akaniangalia kwa huruma, akaniongezea viazi viwili bila kupokea senti zaidi. Kupatana bei si desturi yao. Nilirudi nyumbani na viazi vyangu ndani ya bilum, mfuko wa kusuka ambao ungeuona ungesema ni kiondo, isipokuwa wao huuning'iniza kichwani na mzigo ukalala mgongoni. Unga wa ugali sikuuona. Nenda na mwiko wako kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Jambo ambalo barua haiwezi kukuambia ni kwamba nyumba ya mwalimu haina mlango. Wanafunzi wengi huja chuoni na wake na watoto wao, na mke wa mwanafunzi akiumwa usiku atakayeamshwa ni mke wa mwalimu, si mwalimu. Kuna pia neno wantok, yaani mtu wa lugha yako, ambaye ana haki ya kula na kulala kwako. Nilidhani sisi wageni tumesalimika, hadi siku jirani alipotuletea mguu mzima wa nguruwe kutoka kwenye mumu, karamu inayopikwa shimoni kwa mawe ya moto. Tulikula tukashukuru, tusijue kwamba zawadi ya namna ile hungojewa irudishwe. Miezi mitano baadaye mwanawe alidaiwa ada, na baba mtu akaja kukaa barazani kwetu, kimya, asubuhi nzima. Tulilipa, na ninaamini tulistahili kulipa.

Mchungaji Mstaafu:
Mama Mchungaji, salamu. Mimi nitasema juu ya lugha tu. Nchi ile ina lugha zaidi ya 800, lakini chuoni mtaelewana kwa Tok Pisin, lugha inayowaunganisha wote, na mumeo asijidanganye kwamba Kiingereza kitamtosha. Lugha hiyo ina "sisi" mbili: yumi, inayomhesabu unayezungumza naye, na mipela, isiyomhesabu. Kiswahili chetu hakina tofauti hiyo, kwa hiyo katika ibada yangu ya kwanza niliomba toba kwa yumi, na wanafunzi wakainamisha vichwa zaidi ya ilivyohitajika, mabega yakitikisika. Nilikuwa nimemhesabu Mungu miongoni mwa wenye dhambi. Wamisionari Wajerumani, ambao Johann Flierl aliwatangulia kufika pwani ya Finschhafen mwaka 1886, miaka saba kabla wenzao wa Misheni ya Leipzig hawajafika kwenu Kilimanjaro, nao walianza kwa kujifunza lugha.

Binti wa Misheni:
Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyeachwa. Wazazi wangu walipokwenda kufundisha nchi nyingine nilibaki kwa bibi, nikafaulu vizuri, na sina lawama. Lakini waliporudi, mdogo wangu alikuwa na vichekesho vya huko ambavyo nilikuwa naelezwa maana yake, na hadi leo wakikumbushana mimi hunyanyuka nikaosha vyombo. Kama mtakwenda naye, asiondoke kabla hajafanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, kwa sababu matokeo hayo yataulizwa siku akirudi, na abebe vitabu vyake vya Kiswahili vyote. Mdogo wangu alirudi akiandika barua kama mtalii.

Mama wa Wawili (Moshi):
Asanteni sana. Binti nimemsomea majibu yote. Alinyamaza kwenye ya mwisho, kisha akauliza kama ataweza kuzungumza na bibi kila Jumapili.

Aliyerudi:
Ataweza, mtandao ukikubali. Huko wako mbele yetu kwa saa saba, kwa hiyo apige saa tatu usiku, ambapo Moshi ni saa nane mchana na bibi ametoka kanisani na kula. Asipige asubuhi akiamka. Sisi tulimwamsha mama mkwe saa nane za usiku, akapokea simu akilia, akidhani tunaleta msiba.