Saa ya dhahabu ya Kifaransa: nimeokota au nimepigwa?

Mzee_wa_Lille
Wakuu habarini. Niko Lille huku Ufaransa, Septemba kwenye ile braderie (soko lao kubwa la vitu vya mitumba) nimenunua saa ya kizamani, zile za kuweka juu ya meko, ina mwanamke kakaa kaegemea kinubi, yote inang'aa dhahabu. Muuzaji anasema ni bronzi ya enzi za Napoleon, alitaka euro 200 tukavutana weee nikaondoka nayo kwa 90. Inatembea vizuri ila ikigonga inanichanganya, mshale uko kwenye 9 yenyewe inagonga mara nne. Juu ya 12 kuna kitundu kidogo na herufi A na R, sijui cha nini. Halafu waifu anataka kuisugua na Brasso maana mikunjo ya gauni ina weusi weusi. Nisaidieni

fundi_majira
Kwanza mwambie shemeji aiweke hiyo Brasso chini!! Dhahabu hapo ni utando tu, ukisugua unaiondoa na hairudi.
Kugonga vibaya si ubovu. Nyuma ya mashine kuna gurudumu lina mapengo, ndilo linalohesabu, na halijui mishale iko wapi, linajua tu kwamba baada ya nne inakuja moja ya nusu saa halafu tano. Wewe bila shaka wakati wa kuiseti ulizungusha mshale harakaharaka hukusubiri imalize kugonga. Fungua kifuniko cha nyuma, utaona kiwaya kimelalia yale mapengo, kinyanyue kidogo kwa kidole, iache igonge, nyanyua tena, hivyohivyo mpaka ifike tisa. Uwe na subira, kwa masaa 12 inagonga mara 90 ukijumlisha na nusu zake.
A na R ni avance na retard, unaingiza ncha nyembamba ya ufunguo, ukielekeza A inakimbia, R inapunguza mwendo. Na hicho kitundu ndo kinamuumbua muuzaji wako, huo mtindo wa kuning'iniza na kurekebisha pendulamu unaitwa Brocot, ni wa katikati ya karne ya 19. Enzi za Napoleon wa kwanza pendulamu ilining'inia kwa uzi wa hariri. Labda alimaanisha Napoleon wa tatu 😂
Ipindue, kwaruza kidogo kwa sindano sehemu isiyoonekana, utuambie rangi. Na usome mhuri kwenye mashine. Ukiipindua toa pendulamu kwanza.

Chagu_wa_Geita
Mimi saa sizijui ila dhahabu naijua. Zile za zamani zenyewe walipaka kwa zebaki, kazi ileile ya huku kwetu machimboni, dhahabu unaichanganya na zebaki inakuwa kama uji mzito, wao wakaipaka kwenye bronzi wakaipitisha motoni, zebaki inapaa dhahabu inabaki imeng'ang'ania. Sasa ule moshi nani anauvuta, si fundi. Mjomba wangu kachoma zebaki miaka mingi, leo kikombe cha chai anashika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Kwa hiyo ukiona saa ya Paris inang'aa hivyo ujue kuna mtu mikono ilimtetemeka. Baadaye miaka ya 1840 ndo wakaanza kupaka kwa umeme

Mzee_wa_Lille
Fundi ubarikiwe, nimenyanyua kiwaya huku waifu anahesabu kwa sauti, sasa inagonga sawa. Nimekwaruza: kitako ndani ni njano, ila chini ya huyo mwanamke imetoka kijivu kama sufuria kuukuu. Mhuri ni wa duara, Japy Frères na 1855.

fundi_majira
Kijivu ni zinki, si bronzi, pole mkuu. Ndo maana huwa nawaambia watu smaku haisaidii hapa, bronzi haishiki na zinki nayo haishiki. 1855 ni mwaka Japy, watengenezaji wa mashine, walipopata medali kwenye maonyesho ya Paris, si mwaka saa yako ilipotengenezwa, yako ni ya baada ya hapo. Ila Japy ni mashine ngumu, kwa 90 hujapigwa sana. Angalia namba nyuma ya pendulamu, ikifanana na ya kwenye mashine basi hawajatenganishwa.

Mzee_wa_Lille
Zinafanana! Tatizo nilivyorudi kutoka kazini leo nimekuta waifu kashasugua mguu mmoja wa huyo mwanamke, umekuwa mweupe kama bati

fundi_majira
Mguu upi? Kama ni wa upande wa nyuma mgeuzie ukutani