Ushelisheli na mamangu na watoto: chanjo ya homa ya manjano na fomu ya kuingia, naanzia wapi?

mama_wa_Umoja
Wadau habari zenu. Dadangu mdogo anafanya kazi kwa hoteli huko Mahé, Ushelisheli, na kila Krismasi anatubembeleza tuende tumwone, sasa hii Agosti shule zikifungwa tunaenda kweli. Tiketi zimelipwa, tunatoka Nairobi tarehe 14 mwezi wa nane, pasipoti zote nne ziko mkononi. Tutalala gesti kwa sababu yeye anaishi kwa nyumba za wafanyakazi.

Shida yangu ni hii mambo ya chanjo na karatasi. Kila mtu ananiambia kitu chake. Mimi niko na ile kadi ya manjano ya mwaka 2013 nilipoenda Ghana na kwaya ya kanisa, lakini imeandikwa inaisha 2023. Mamangu ana miaka 67, ako na presha, hajawahi kudungwa hiyo kitu. Kijana wangu ana miaka 7. Halafu kuna kababy, kanafikisha mwaka mmoja tarehe 20 Agosti, na bado kananyonya. Baba yao hapati likizo saa hii kwa hivyo anabaki.

Mwenzangu kazini anasema tudungwe tu siku ya safari pale uwanja wa ndege wa JKIA, mwingine anasema kuna mtu tao anaandika kadi bila sindano na inapita. Na visa je? Nisaidieni tafadhali, huyu mama hajawahi kupanda ndege na sitaki arudishwe mlangoni mbele ya wajukuu.

Ngara_express
Visa hakuna dadangu, Ushelisheli haitaki visa kwa sisi Wakenya. Hiyo ya kadi ya tao watu wengi wamepita nayo, wanaangalia tu rangi.

sista_Pangani
Mama wa Umoja, mimi ni nesi na nimedunga wasafiri kwa muda mrefu, soma hii polepole kwa sababu ndani ya familia yako kila mtu ako na kesi yake.

Kwanza kadi yako ya 2013 iko sawa. Zamani ilikuwa inahesabiwa miaka 10, lakini Shirika la Afya Duniani lilibadilisha hiyo kanuni na kuanzia tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano ni cha maisha yote, hata zile kadi za zamani zilizoandikwa mwisho. Usiende kuandikiwa nyingine na usikubali mtu akwaruze ile tarehe, kadi iliyochorwachorwa ndiyo italeta maneno. Angalia tu jina lililo kwa kadi ni sawa na la pasipoti ya sasa. Kama uliolewa ukabadilisha jina katikati hapo, beba na cheti cha ndoa.

Kijana wa miaka 7 adungwe. Ushelisheli wanadai cheti kwa kila mtu wa kuanzia mwaka mmoja anayetoka nchi iliyo kwa orodha ya hatari, na Kenya iko kwa hiyo orodha. Najua utaniambia Nairobi hakuna homa ya manjano, na ni kweli hapa hatari ni ndogo, lakini wao wanaangalia nchi, hawaangalii mtaa, na mlipuko wa Isiolo wa mwaka 2022 si wa kale. Hii chanjo haiko kwa zile za kawaida za kliniki za watoto hapa Nairobi, iko kwa kaunti chache za Bonde la Ufa kama Baringo na Elgeyo-Marakwet, kwa hivyo usidhani alipata akiwa mdogo.

Sindano haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa, imeandikwa ndani ya hiyo kadi yenyewe. Ukitua tarehe 14 maana yake mwisho kabisa ni tarehe 4, na mimi singengoja hapo, ningeenda wiki hii. Huyo wa kudungwa JKIA asubuhi ya safari akufanyie hesabu ya tarehe. Port Health, wale watu wa afya wa uwanja wa ndege, wanadunga ndiyo, lakini uende mapema, ama City Hall, ama hospitali kubwa zenye kliniki ya wasafiri. Cha muhimu ni kituo kiwe na ruhusa na kile kimuhuri rasmi, na wajaze namba ya dawa na tarehe vizuri. Mkono utauma na anaweza kupata kahoma kadogo baada ya siku kadhaa, hiyo ni kawaida.

Kababy: mkiingia kule tarehe 14 bado hajafika mwaka, kwa hivyo hadaiwi cheti. Kufikisha mwaka akiwa huko si shida, na kurudi Kenya kutoka Ushelisheli hakuna anayemdai kwa sababu kule hakuna huo ugonjwa. Lakini mkisogeza safari ikapita tarehe 20, hesabu inabadilika. Ukiamua kumdunga mapema inawezekana kuanzia miezi 9, ila beba kitabu chake cha kliniki waone alipata lini ya surua, hizi mbili zote ni chanjo hai, yaani zina virusi hai vilivyodhoofishwa, kama hazikudungwa siku moja zinaachana wiki 4.

Sasa mama. Hapa ndipo nataka unisikize sana. Mtu wa zaidi ya miaka 60 anayedungwa hii chanjo kwa mara ya kwanza ako na hatari kubwa kidogo ya madhara mabaya, si ya mkono kuuma, ni ya ini na ubongo. Hutokea kwa wachache mno lakini hutokea. Usimpeleke tu kwa foleni akadungwa na mtu ambaye hata hajamuuliza umri. Mpeleke kwa daktari wake wa presha kwanza, na dawa zake zote kwa mfuko, aulizwe kama ana ugonjwa wa tezi ya thaimasi, ile ya kifuani, kama anatumia dawa za kushusha kinga, kama mayai humletea mzio mkali. Presha peke yake haimzuii. Daktari akisema hapana, anaandika barua ya kumsamehe chanjo kwa sababu za kiafya, yenye sahihi na muhuri, na hiyo barua mnaituma kwa watu wa afya wa Ushelisheli mpate jibu KABLA ya kusafiri, na shirika la ndege pia mnawaambia. Hiyo inataka muda. Ndio maana nasema uanze na mama, wengine ni rahisi.

sista_Pangani
Ngara_express, tafadhali toa hayo maneno. Kwa nini unafikiri wale watu wanadai hiki cheti? Mbu anayebeba homa ya manjano, wale wa jamii ya Aedes wanaouma mchana, wako kule tayari. Virusi ndivyo havipo. Mwaka 2005 na 2006 homa ya chikungunya iliingia visiwa hivyo vya Bahari ya Hindi na ikazunguka vibaya sana, kwa mbu hao hao. Ile nchi nzima ina watu laki moja na kitu, hospitali kubwa ni moja pale Victoria. Mtu mmoja akiingia na kadi ya uongo na damu yenye virusi, unawaachia watoto wa wenyewe mzigo. Na mgonjwa mwenyewe hana dawa ya kumponya, tunamtunza tu tukiomba. Huyu mama wa watu asiuziwe karatasi.

Ngara_express
Nimesikia sista. Hiyo ya mbu sikuwa naijua.

msafiri_SouthB
Sista amemaliza upande wa afya, mimi niongeze upande wa kuingia maana nilienda na mke wangu kwa maonyesho ya kazi yake. Ni kweli visa hakuna lakini usisikie hivyo ukakaa, kuna kibali cha kusafiri ambacho LAZIMA kila mtu awe nacho, hata kababy, na bila hicho hampewi hata kadi za kupandia ndege hapa JKIA. Unaomba mtandaoni, tovuti yenyewe ya serikali ni seychelles.govtas.com, andika hivyo hivyo kwa sababu ukitafuta tu utaletewa mawakala wengi wenye kurasa zinazofanana na ya serikali na wanadai pesa mara kadhaa ya ile halali. Sisi tulilipa Euro 10 kila mtu, ukitaka majibu ya haraka zaidi unaongeza. Malipo ni kwa kadi ya benki, kama huna tumia ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, ilikubali kwangu bila shida.

Uwe na hivi vitu karibu kabla ujaze: picha ya ule ukurasa wa pasipoti wenye sura (isiwe na mng'aro wa taa, hapo ndipo inakataa kila saa), namba ya ndege ya kwenda na ya kurudi, buking ya gesti, na picha za kadi za chanjo. Hiyo gesti uliza kabla kama ina leseni ya serikali yao, kwa sababu mahali pa kulala pasipo na leseni hapakubaliki, na dadako akiwa hapo hapo Mahé anaweza kwenda kukuulizia. Mnaweza kuomba nyote kama kikundi, usijaze kila mtu kivyake ukachoka. Majibu yetu yalikuja kesho yake, na msimbo wa kuskani. Niliprinti, na pia nikaweka kwa simu, kwa sababu simu ya shosho haiaminiki kwa chaji ukiwa foleni.

Kitu kingine, matunda, nyama, miche, hayo msibebe, wako wakali kwa mizigo. Najua mama atataka kumpelekea dadako maparachichi. Mwambie mapema akiwa nyumbani, asije akanyang'anywa uwanjani ikamuumiza.

mama_wa_Umoja
Mungu awabariki nyote, nimesoma nikasimama. Nimempigia daktari wa mama, tunaenda Alhamisi na mfuko wa dawa wote. Kijana anadungwa Jumamosi. Sista, na malaria je, tumeze zile tembe?

sista_Pangani
Kule hakuna malaria, tembe za nini, msimeze. Lakini homa ya dengi, nayo ya mbu, imewahi kuzunguka, kwa hivyo mafuta ya kufukuza mbu mpake mchana, usingoje jioni, na kababy avae mikono mirefu. Dawa za presha za mama ziwe kwa mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, na barua ya daktari yenye jina la dawa. Zihesabiwe za siku zote na wiki moja ya ziada.

mama_wa_Umoja
Sawa. Na hii ya baba watoto kubaki, kuna mtu ameniambia uhamiaji wanaweza kuniuliza?

msafiri_SouthB
Wanaweza, hapa hapa Nairobi kabla hujatoka. Mwambie baba yao aandike barua ya kukubali watoto wasafiri na wewe, iwe na tarehe za kwenda na kurudi, namba za pasipoti za watoto na namba yake ya simu, aipeleke kwa wakili ama kamishna wa viapo ipigwe muhuri. Ambatanisha kopi ya kitambulisho chake na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili. Na tarehe 14 asubuhi simu yake iwe imewashwa, kwa sababu afisa anaweza kumpigia pale pale kaunta.