Chai ya kijani imenitokea chungu, nimekosea wapi?

Mama wa Ngamiani
Habari zenu. Mimi hapa Tanga nimekulia chai ya rangi yenye iliki na mchaichai. Juzi mpwa wangu kaniletea pakiti mbili za chai ya kijani. Moja ina punje zilizoviringika kama pilipili manga, nyingine ni unga kama wa mlonge. Zile punje nimezichemsha na tangawizi dakika kumi. Chungu kama mwarobaini! Baba watoto kaonja funda moja, kikombe kakiweka chini. Zimeharibika? Na muuza duka anasema huo ni mchaichai wa Kichina, kweli?

Mzee wa Muheza
Mama, salaam. Miaka 19 nimefanya kazi kiwanda cha chai huko juu Amani, kwa hiyo hili linanigusa. Mchaichai ni nyasi, hauna undugu na chai. Chai ya kijani inatoka kwenye mti uleule wa chai unaouona ukipanda Usambara. Chuma jani changa, lifikiche kiganjani, liache: litageuka kahawia. Sisi majani yakishasagwa tulikuwa tukiyaacha yapate hewa mpaka yawe rangi ya shaba na harufu ibadilike, ndipo yanakaushwa. Hiyo ndiyo chai yako ya kila siku. Wa kijani wanawahi kulipasha jani moto kabla halijageuka. Wachina aghalabu hulikaanga kwenye karai, Wajapani hulipiga mvuke, ndiyo maana sencha, chai yao ya kijani ya kila siku, ina ladha ya mboga mbichi.

Punje zako hazijaharibika. Ni ile wanayoiita chai ya baruti, ya China; Moroko wanainywa na nanaa na sukari nyingi. Umeichemsha mno tu, ukakasi wote ukatoka. Chemsha maji peke yake, epua, acha wazi dakika tano hivi. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, mimina, dakika mbili, chuja. Majani usiyatupe, yanafaa mara ya pili.

Unga huo kama ni wa Japani basi ni matcha. Miti hufunikwa kivuli wiki tatu hivi kabla ya kuchuma, majani yakakaushwa na kusagwa kwenye jiwe. Huo hauchujwi: nusu kijiko, maji ya moto kidogo, upige kwa uma mpaka utoe povu. Unakunywa jani lenyewe, kwa hiyo usiunywe usiku ukitaka usingizi.

Binti Chumbageni
Shikamoo mzee. Niongeze moja: mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula, inazuia mwili kupata madini ya chuma. Aache saa moja au mbili zipite.

Mama wa Ngamiani
Marahaba binti, na mzee asante sana. Leo asubuhi nimefanya ulivyosema, nikatia majani mawili ya nanaa ya uani. Punje zimefunguka ndani ya maji, jani zima zima! Rangi ya dhahabu, uchungu mdogo tu. Baba watoto kamaliza kikombe, sasa anauliza kama inaendana na mkate wa kumimina.

Mzee wa Muheza
Inaendana. Sukari ya mkate inatosha, kwenye chai usitie.