Naombeni ushauri, imani inakuaje ukiwa kwenye shida?

Wakuu habari zenu, mwezi wa tano huu tangu nipunguzwe kazi, nilikuwa dereva wa lori, sasa hivi wife ndo anatubeba na genge lake la nyanya hapo nje. Kanisani naambiwa ni jaribu tu utatoka na ushuhuda, sawa, ila nikirudi nakuta mwenye nyumba kakaa kibarazani anasubiri kodi.

Nasoma Yakobo 1:2-4 pale anaposema tuhesabu majaribu kuwa furaha, kusema kweli furaha siioni. Kilichonigusa ni Habakuki 3:17-18, mtini hauchanui, zizini hamna ng'ombe na jamaa bado anamfurahia Bwana, tena hafichi kwamba zizi ni tupu (hapo ndo nilipompenda). Usiku naamka saa tisa nataka kuomba, maneno hayaji, nakaa tu nasikiliza feni ya jirani.

Waliopitia, mlikuwa mnaombaje kipindi hicho? Na nikipumzika kwenda jumuiya kidogo maana nimechoka kuulizwa "vipi, kazi umepata?", nitakuwa nakosea? Zile za panda mbegu ya elfu kumi mniachie kwanza.