ZIDISHA MARA 30? Yule "mwalimu wa pesa" wa jana amenikera!

Wadau, mlimsikia jana? Simtaji, mnamjua, yule wa suti ya kubana na ubao mweupe. Dereva wa bodaboda kamuuliza swali la maana: kipato changu ni cha siku kwa siku, bajeti naipangaje? Jamaa akacheka: "Si uzidishe mara 30!"

MARA 30! Masika hata jua la Dar halitoki mara 30 kwa mwezi!

Hesabu aliyoikimbia hii hapa. Boda ya mkataba, ile unayomlipa bosi kila siku, ikiingiza 35,000: bosi 10,000, mafuta 8,000, kula barabarani 4,000. Inabaki 13,000, na oili, breki na tairi bado. Toa siku za mvua, gereji na misiba, zibaki 24. Ni 312,000. Ubaoni kaandika 1,050,000! Mtu akikopa kwa namba hiyo, mwezi wa pili waliomkopesha wanabeba mpaka mlango. Na pikipiki ikilala gereji, hesabu ya bosi hailali.

Kipato cha siku kinapangwa kwa wiki mbovu. Andika wiki nne mfululizo, chukua iliyoingiza kidogo kuliko zote, zidisha mara 4. Humo kodi ya nyumba itangulie, maana mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha 60,000 ni 360,000. Gawa kwa siku 144 za kazi (24 mara miezi sita), ni 2,500 kila siku, na inatoka kabla hamjagusa chipsi.

Halafu akacheka! Mara 30, na kicheko juu!

Kibubu_Tandika: Mkuu, una hasira kuliko dereva mwenyewe, kunywa maji. Ila hiyo 2,500 isikae kwenye simu ya matumizi, makato na vocha vitaila. Kibubu cha mbao, kipigiliwe misumari pande zote.

MamaPacha: Mara 30 ni cha mtoto, njooni kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tarifa ya D1, ya watumiaji wadogo wa majumbani, uniti 75 za mwanzo kwa mwezi ni 100 kila moja kabla ya kodi, ya 76 inarukia 350! Vyumba sita mita moja, mmoja ana taa tu, mwingine friji na pasi, mchango sawasawa. Wizi!

Mkaa_Basi: Afadhali umeme una mita. Mtungi wa gesi wa kilo 6 nani anaupima? Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma. Jumlisha 6. Mizani isiposoma hivyo, rudisha hapohapo.

Sado_Bovu: Na sado, lile kopo la kupimia unga, lililogongwa kitako kikaingia ndani je? Nunueni unga kwa kilo!

Mwanzisha uzi: Jamani, turudi kwenye mara 30!

MamaPacha: Kaka Mkaa, mizani ipi inabeba mtungi?

Mkaa_Basi: Ya kuning'iniza, dada yangu. Ya sahani mtungi unayumba.