Gari linavuta miguu yote minne, mbona halisimami kwenye theluji?

Msafiri_Polepole

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kabla sijatoa hela kizembe.

Nina SUV ya kati, inavuta miguu yote minne (yaani injini inazungusha magurudumu yote manne), uzito wake ikiwa tupu unakaribia tani 2. Huu ni msimu wangu wa pili wa theluji. Wa kwanza nilipita kwa bahati, na wiki iliyopita bahati imekwisha. Nateremka kilima kidogo kuelekea makutano, mwendo kama wa baiskeli, theluji imeshashindiliwa na magari yaliyotangulia mpaka inang'aa. Nikakanyaga breki, pedali ikatetemeka chini ya kiatu, krrr krrr krrr, na gari likaendelea kwenda zake kama sijagusa kitu. Nikaona heri nilipandishe tuta la theluji pembeni kuliko kuingia makutano. Kilichoumia ni kona ya bampa tu, pamoja na heshima yangu, maana mtoto aliyekaa nyuma aliuliza, "Baba, tumefika?"

Kinachonichanganya ni kwamba asubuhi ile ile, kilima kile kile, lilipanda bila hata kusita.

Matairi ni yale yaliyokuja na gari, saizi 255/55R18 (upana milimita 255, ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 18), ubavuni yameandikwa M+S. Aliyeniuzia gari aliniapia kwamba hiyo maana yake ni ya theluji. Meno bado yapo. Sasa ninunue manne au mawili yatatosha? Yenye misumari (vile vyuma vidogo vinavyochomoza kwenye meno) au yasiyo nayo? Na haya wanayoita ya misimu yote, hayawezi kunitosha nikaepukana na kubadilisha kila mwaka?

Bwana_Difu

Mkuu, gari la miguu minne halafu unahangaika na matairi? Punguza mwendo, punguza na upepo kidogo tairi litanuke lishike chini. Mimi msimu wa tatu huu natumia ya kawaida, sijawahi kugusa mtu.

Mzee_wa_Spana

Bwana_Difu, hujagusa mtu kwa sababu hakuna aliyekatiza mbele yako. Na hiyo dawa ya kupunguza upepo iache kwenye mchanga. Barabarani utaharibu mabega ya tairi na usukani utakuwa mzito kama umekwama kwenye tope.

Msafiri, jibu la fumbo lako ni hili. Miguu minne inakusaidia kuondoka. Kwenye kusimama, kila gari lina breki nne, hata lile dogo linalovuta mbele tu, na lako ni zito zaidi yake, kwa hiyo linasukumwa zaidi. Tena miguu minne ina ubaya wake ambao watu hawausemi: inaficha utelezi. Gari la miguu miwili likianza kuondoka linazungusha tairi hapo hapo, dereva anajua leo kuna kazi. Lako liliondoka kama siku ya kiangazi. Wewe ulikuja kuujua utelezi kwenye makutano.

Tuje kwenye tairi lenyewe. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Nenda kesho asubuhi kabla hujawasha gari, bonyeza jino la tairi kwa ukucha wa dole gumba. Kama halibonyei, basi hicho ndicho unachotegemea kushika barafu. Mpira wa tairi la baridi unabaki laini. Halafu tazama meno yake: kila jino limechanjwa mikato mingi myembamba kama ya wembe. Gari likisukuma, ile mikato inafunguka na kingo zake zinakwaruza theluji. Na theluji inayojaa kati ya meno usiione uchafu ukaikung'uta, maana theluji hung'ang'ania theluji kuliko mpira unavyoweza, ndiyo maana mipira ya theluji ya watoto inashikana.

Kuhusu M+S: herufi hizo zinasema matope na theluji, lakini mtengenezaji anazipiga kwa kuangalia umbo la meno tu. Hakuna jaribio analolazimika kulifaulu. Tafuta kichoro cha mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hicho hakipatikani mpaka tairi lijaribiwe kwenye theluji. Ujerumani, kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 M+S bila mlima haihesabiwi tena kuwa tairi la baridi.

Ila mlima nao usikulevye. Jaribio lake ni la theluji, barafu haimo. Ndiyo maana hata baadhi ya matairi ya misimu yote yanao, na yale ya porini yenye meno makubwa kama matofali pia. Haya ya porini watu wa SUV wanayapenda kwa sura. Kwenye theluji ya kina yanachimba vizuri. Kwenye barafu, yale matofali magumu yasiyo na mikato ya kutosha yanakuacha. Ya misimu yote yenye mlima ni sawa kama theluji kwenu inaanguka mara chache na kuyeyuka jioni. Wewe unayesema imeshindiliwa mpaka inang'aa, hapana.

Hata yale ya baridi yasiyo na misumari ni ya aina mbili. Kuna laini kabisa, ya nchi za kaskazini, yaliyotengenezwa kwa barafu na baridi kali. Mara nyingi herufi ya mwendo kasi ubavuni ni R au T, yaani mwisho wake ni kilomita 170 au 190 kwa saa. Na kuna magumu kidogo, ya barabara zenye maji na theluji ya kuja na kuondoka, haya mara nyingi ni H au V. Usimwambie muuzaji "nipe ya baridi" tu, utapewa lililojaa stoo.

Misumari inashinda pale ambapo barafu imelowa, joto likicheza kwenye sifuri. Hapo ndipo penye utelezi mbaya kuliko nyuzi 20 chini ya sifuri, ingawa watu huogopa baridi kali zaidi. Lakini ina kelele, kwenye lami kavu inakupunguzia mshiko, na kuna nchi zimeikataza, kwa hiyo uliza sheria kwanza.

Manne, siyo mawili. Ukiweka mawili mbele, mbele kutashika na nyuma kutakupita kwenye kona. Tena miguu minne haipendi tairi zenye vipimo tofauti, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) zinafanya kazi muda wote bila kupumzika.

Mama_Usukani

Naongezea kaka, nimepita njia hiyo hiyo na saizi hiyo hiyo. Nilidhani tairi pana ndiyo salama, kumbe kwenye theluji pana linaelea juu yake na jembamba linakata kufika chini. Kitabu cha gari langu kinaruhusu 235/65R17, nikahamia huko. Ukipiga hesabu, kimo cha tairi zima ni karibu sawasawa, milimita 737 yote mawili, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Faida nyingine, ubavu ni mrefu, shimo lililofunikwa na theluji halikuvunjii rimu. Ila hakikisha rimu ya 17 inapita kwenye breki zako bila kugusa. Nilikuwa na haraka, nikafunga moja, nikasikia inakwaruza nikiwa bado uani.

Usisahau namba ya uzito. Langu lilitaka 108, maana yake kilo 1000 kwa tairi. Nilikuwa nimeshachagua yenye 104, hizo ni 900 tu. Kwa gari dogo usingejali, kwa hili jali.

Nunua na rimu zake kama unaweza. Kuvua na kuvisha tairi kwenye rimu zile zile mara mbili kwa mwaka kunalichosha. Ukifunga, baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza nati. Na upepo uupime tairi likiwa baridi, mahali gari linapolala. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 unapoteza kama psi 1 (psi ndiyo kipimo cha upepo), kwa hiyo ukijaza kwenye gereji yenye joto ukatoka nje, umeshapungukiwa.

Msafiri_Polepole

Nimetoka nje na tochi, mke wangu dirishani ananishangaa. Mlima hakuna, tairi zote nne. Ukucha haukuingia hata kidogo, kama soli ya kiatu cha shule. Meno niliyosema yapo nimeyapima, milimita 4 kasoro. Tarehe ya kutengenezwa inasoma 1817.

Mzee_wa_Spana

Wiki ya 18, mwaka 2017. Na kwa baridi, milimita 4 ndio mwisho wa tairi kufaa, hata kama sheria nyingi zinakuachia ufike 1.6. Hayo yavue.

Msafiri_Polepole

Basi nimekata shauri: manne, laini yasiyo na misumari, 235/65R17 yenye 108, na rimu zake. Kitabu kinaruhusu, nimekiangalia mara mbili. Mpaka yafike gari halitoki, nitapanda basi.

Bwana_Difu

Mzee, samahani. Hiyo tarehe inaandikwa wapi? Kwangu naona DOT na herufi nyingi, namba nne za mwisho hazipo.

Mzee_wa_Spana

Zipo ubavu wa ndani. Lala chini na tochi.